Nilimjibu Askari Natoka Ijenda

Kabla ya vita, kila Jumapili nilipanda baiskeli kutoka mtaani kwetu Ngagara hadi Ijenda, kule juu kwenye baridi, mashamba ya viazi yakipanda na kushuka na vilima, kisha nikanywa maziwa ya moto sokoni. Vita vikaifunga barabara ile. Nikabaki kuzunguka mtaani kwetu, na nasema kwa aibu, nilijifanya niko safarini. Kioski cha kona kilikuwa Musaga, mtaa wa njiani, kanisa likawa Ijenda. Nilihema kama napanda mlima, nikisalimia wakulima wasiokuwepo.

Asubuhi moja askari akanisimamisha.

"Unatoka wapi?"

"Ijenda," nikajibu, akili bado iko kule.

Akaishika bunduki vizuri. "Njia imefungwa. Nani alikupitisha?"

Jirani yangu, Mama Aline, akaacha kufagia, akasogea. "Chef, huyu ni mutu wa hapa. Hajaenda popote. Kila siku anazunguka manyumba, anasalimia watu sisi hatuwaone."

Majirani wakatoka kutazama, mke wangu akiwa kati yao.

"Ni kweli?" askari akauliza.

"Ni kweli, chef. Nilikuwa nacheza safari." Mimi, mwalimu mwenye mvi.

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wangu.