Suti Iliyopimwa Chali

Haya hutayaamini, na sikulaumu. Hata mimi niliyekuwepo, tena nikiwa mtu muhimu kuliko wote, siku nyingine najishuku.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni fundi wa suti. Akilishika bega la koti, hata mtu aliyepinda kama ndoano anatoka mheshimiwa. Miaka mitatu iliyopita alishikwa na homa. Homa ikaondoka, nguvu nazo zikaifuata, zisirudi. Analala saa kumi nzima, anaamka kama aliyetwangwa. Akifua shuka leo, kesho na keshokutwa yuko kitandani, na hata neno "sindano" linamponyoka kichwani.

Mimi, msomi wa darasa la sita, nikatoa dawa papo hapo: "Uvivu huo! Amka asubuhi ukimbie." Kwa kuniheshimu, akakimbia. Akalala siku tisa. Daktari akaniita pembeni, akanieleza kwamba huo ni ugonjwa wa uchovu sugu, na kumsukuma mgonjwa ni kumzamisha. Nguvu zake azigawe kama maji ya ndoo moja bomba likikauka, apumzike kabla hajachoka. Nikanyamaza, jambo ambalo majirani wanalizungumzia mpaka leo.

Basi akapandisha godoro juu ya meza ya kukatia. Anakata kalalia ubavu, anashona dakika ishirini, anafumba macho. Bosi wake, mama mwenye sauti ya king'ora, hakupendezwa.

"Hili duka, si wodi! Suti ya mwalimu mkuu anayestaafu Ijumaa ikikosewa, utabeba godoro lako uende zako."

Siku ya vipimo mpwa wangu alikuwa hoi. Nikamwambia, "Lala, mama, mjomba wako yupo," nikashika tepu. Sasa, mwalimu mkuu ana tumbo linaloingia mlangoni kabla yake, na mgongo wangu haupendi kuinama.

"Mwalimu," nikasema, "hapa wateja hupimwa wamelala."

Akavua viatu, akapanda mezani, akalala chali kando ya fundi wake, ambaye alikwisha zama usingizini. Nikapima kwa raha zangu. Nani alijua kwamba mtu akilala chali tumbo hutawanyika? Wewe ulijua? Basi usinicheke.

Ijumaa mwalimu akavaa koti, kasimama. Kifungo na tundu vikatazamana kwa mbali kama mawifi waliogombana. Bosi akavuta pumzi ya kumfukuza mtu.

"Ngoja kwanza," mwalimu akasema. Akapanda mezani, akalala. Kifungo kikaingia. "Mbona linanitosha? Shida ni hotuba. Nitawaaga nimelala?"

Mpwa wangu hakuinua hata kichwa. "Mjomba, ulimpima amelala?"

"Kidogo tu."

"Nilikuuliza mara mbili kama vipimo ni sahihi, ukaapa! Kiuno cha mwalimu kilikuwa cha mwanafunzi. Nikaacha kitambaa cha kutosha ndani ya mishono. Mwalimu, nivulie koti, ubaki hapo hapo. Bosi, naomba wembe."

Akafumua dakika ishirini, akafumba macho. Bosi akahema. Akashona dakika ishirini, akafumba tena. Mwalimu akaanza kukoroma. Bosi akaketi, nadhani ndiyo mara ya kwanza kuketi tangu afungue duka. Kazi ilipokwisha, mwalimu akaamshwa, akasimama, akafunga kifungo, akapumua. Kikashika!

Bosi akaligeuza lile koti nje ndani, akapitisha kidole kila mshono, asione kasoro. Hapo akabubujikwa na machozi, akapiga magoti mbele yangu, akatangaza kwamba kuanzia sasa mafundi wote washone wamelala, na mimi niwe mkurugenzi wa—

"Mjomba!" Ni mpwa wangu huyo, ninamsomea haya yeye akiwa kajilaza. "Magoti gani? Alisema nibaki, nishone asubuhi tu, na wewe usiiguse tepu tena."

Sawa, magoti hakupiga. Ila aliinama kidogo, tena kwa heshima kubwa, na watu kama mia mbili hivi wakiwa pale mlangoni waka—

"Mjomba!"