Msuko Aliofunga Kasimu

Mwayuma hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiwa anasuka kichwa cha mtu, mguu wake mmoja ulikuwa ukipigapiga chini, mpaka mteja anauliza kama kuna siafu kwenye mkeka. Pale kijijini Wamaza walimzoea hivyo hivyo. Walimvumilia kwa ajili ya mikono yake, maana kwa mambo ya kichwa, jamani tusidanganyane, kuanzia Wamaza mpaka Kabambare penyewe hakuwa na mwenzake.

Mafuta alipika mwenyewe. Alivunja kokwa za ngazi, zile za mchikichi, juu ya jiwe, akakaanga mbegu zake kwenye chungu mpaka zikawa nyeusi na kutoa moshi, akazitwanga, akachemsha na maji, kisha akaengua mafuta yaliyopanda juu. Yalikuwa meusi na mazito, na harufu yake ilimfuata mtu mpaka msikitini, mpaka kanisani, na hakuna aliyelalamika. Mwenye mba alioshwa kwa maji ya ndimu yaliyopunguzwa ukali. Mwenye nywele ngumu alimwagiwa ute wa bamia, kitana kikapita bila kilio. Aliyewashwa alipakwa utomvu wa shubiri, jani likipasuliwa hapo hapo. Na kila mtu, awe Pascaline mke wa mwalimu au mke wa mkulima wa pamba, aliambiwa maneno yale yale kabla hajainuka: misuko isikae zaidi ya majuma matatu, ukiifungua kichwa kipumzike siku saba, na usikubali mutu akuvute kwenye mizizi, kichwa yako si kamba ya mbuzi!

Maneno mazuri sana. Yeye mwenyewe hakufuata hata moja.

Sababu ilikuwa mume wake, Kasimu, aliyeandikwa kwenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila kwa mkataba wa miaka mitatu. Asubuhi ya kuondoka walifanya kama ulivyofanya ukoo wao siku zote. Subira, dada yake Kasimu, alimsuka Mwayuma kwa uzi mweusi, na ule msuko wa mwisho, wa mbele kabisa juu ya paji la uso, Kasimu alifunga fundo lake kwa mkono wake. Fundo hilo haliguswi mpaka mume arudi. Misuko mingine mke anaweza kuisuka upya, lakini mmoja mmoja: unafungua huu, unausuka, ndipo unagusa wa pili. Kichwa kizima hakiachwi wazi. Mke wa msafiri hufunguliwa nywele zote kwa pamoja siku mume anapoingia uani, au siku habari ya kifo chake inapofika. Hakuna siku ya tatu.

Mwaka wa kwanza Kasimu alituma sabuni, kitambaa na salamu. Mwaka wa pili alituma salamu bila kitambaa. Halafu ikapita miezi minane bila hata hizo salamu, na Mwayuma akaanza kuharibika. Akipika anasimama kutazama njia. Akilima anasimama kutazama njia. Wasiwasi ukimzidi, mikono inakwenda kichwani yenyewe, inafungua msuko mmoja, inaurudia, inavuta uzi kwa nguvu kuliko jana, kana kwamba akikaza vizuri na Kasimu naye atakaa mahali pake. Alikaza asubuhi, akakaza mchana. Nywele za pembeni juu ya masikio zilianza kunyonyoka, kisha za mbele, ngozi ikatoa vipele vidogo vya kuuma. Alipaka mafuta yake. Alipaka shubiri, akarudi kwenye mafuta. Angekuwa mteja wake angejigombeza vibaya sana. Badala yake alishusha kitambaa mpaka karibu na nyusi, akawa halali bila kitambaa.

Unafikiri Subira hakuona? Subira aliona kila kitu.

"Wifi, toa kitambaa nione kichwa yako."

"Kichwa yangu iko muzima."

"Iko muzima na unaificha kama mutoto wa kuku? Wewe unatengeneza vichwa vya watu wote, yako nani anatengeneza?"

"Niache, Subira. Niko na kazi."

Akaondoka haraka kwenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Siku mambo yalipopasuka ilikuwa saa sita, shambani kwenye pamba ya lazima, ile Wabelgiji waliyomlazimisha kila mtu kulima. Jua lilikuwa kali, jasho likamwingia machoni. Mwayuma akasukuma kitambaa nyuma ajifute. Kitu kikaanguka juu ya mpini wa jembe. Alitazama chini akaona msuko mweusi, mfupi kama kidole, fundo lake bado limefungwa vizuri, na kwenye shina lake vimizizi vyeupe. Akapeleka mkono kwenye paji la uso. Palikuwa laini, hapana kitu.

Kasimu amekufa! Ndivyo alivyosema moyoni, na wewe usimcheke. Mwanamke aliyewaambia watu miaka kumi kwamba kuvuta nywele kunaua nywele hakufikiria hata kidogo kwamba amezivuta yeye. Msuko uliofungwa na mkono wa mume umeachia wenyewe, basi na mkono wenyewe uko chini ya udongo. Akauviringisha katika jani la mgomba, akauchomeka kiunoni, akarudi nyumbani bila kumaliza mstari.

Alipita kwanza kwa Bulaimu, jirani aliyekuwa amerudi kutoka machimboni mwezi mmoja tu uliopita. Akamkuta anatengeneza kitanda.

"Bulaimu, sema kweli. Kasimu iko muzima?"

Bulaimu aliangalia nyundo yake. "Kasimu? Nilimuona, ndiyo. Zamani kidogo."

"Zamani ya lini?"

"Ah, mama, kule tuko watu wengi. Kila mutu na kambi yake."

"Unaogopa kuniambia nini?"

"Mimi? Siogopi kitu," akasema Bulaimu, na akajigonga kidole.

Hiyo ilitosha. Mtu asiyeficha kifo angesema neno moja tu, mzima. Mwayuma alitoka pale akijua ni lazima aende mwenyewe. Kama Kasimu amekufa, atarudi amwambie Subira, afunguliwe nywele kwa haki, alie kama watu. Kama yu hai, amwombe afunge fundo jingine. Kukaa katikati, si mke wala si mjane, kulikuwa kumemshinda.

Lakini wakati ule wa Wabelgiji huondoki tu kwa sababu moyo unakuuma. Karani wa sefu, yule chifu wa serikali, alitaka kuona kwanza pamba imepaliliwa ndipo aandike karatasi ya safari. Mwayuma alirudi shambani, akapalilia siku mbili kama mtu anayekimbizwa, kichwa kikimgonga, mikono ikitoka malengelenge. Siku ya tatu akapewa karatasi. Subira alimwuliza anakwenda wapi.

"Kumutazama Kasimu."

"Kuna habari?"

"Hakuna habari. Ndiyo maana ninaenda."

Njia ilikuwa siku tatu kwa mguu. Alifuatana na wanawake waliopeleka unga wa muhogo kambini, nao walichoka naye kabla ya siku ya kwanza kwisha. Wakitua mizigo, yeye anazunguka. Wakila, anakula amesimama. Kila mara mkono wake unakwenda kiunoni kugusa lile jani, kisha unapanda kichwani kukaza msuko wa nyuma, kisha unashuka tena. Mmoja wao akamwambia, "Dada, hata mbuzi akipelekwa sokoni anapumzika." Mwayuma hakucheka. Alikuwa anapanga maneno ya kuwaambia wale watakaomwonyesha kaburi.

Walifika siku ya Jumapili. Kambi ilikuwa na nyumba za matofali zimepangwa kwa mistari, kila mlango na namba. Aliuliza, akaonyeshwa. Namba ishirini na saba. Na pale mlangoni, juu ya kiti, alikuwa amekaa Kasimu.

Yu hai! Amenenepa, hata. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, maana kambini wote walinyolewa kwa ajili ya chawa. Furaha iliyompata Mwayuma ilikuwa ya kweli, namwambia kila mtu hivyo. Machozi yalimtoka, alitaka kukimbia. Alipiga hatua mbili. Halafu akaona mtoto anatambaa karibu na kile kiti, mwenye umri kama wa mwaka, na paji la uso pana kama la Kasimu. Na ndani mwanamke kijana akachungulia, ameshika mwiko, akauliza kwa adabu mgeni ni nani.

Kasimu akasimama. "Mwayuma! Umekuja na nani?"

Katika maswali yote ya dunia, hilo ndilo alilolipata.

"Nilifikiri umekufa," akasema Mwayuma.

"Nani alisema nimekufa?"

Akatoa lile jani kiunoni, akalifungua, akamwonyesha. "Hii ilitoka. Ile uliyofunga wewe."

Kasimu aliutazama ule msuko. Nadhani aliona haya, na mwanaume akiona haya hutafuta kicheko. Akacheka. "Unatembea siku tatu kwa ajili ya hii? Mama, ni nywele tu."

Nywele tu.

Mwayuma aliitazama nyumba, akamtazama mtoto, akautazama ule msuko mkononi. Vimizizi vyeupe vilikuwa bado vinaonekana. Na hapo, mbele ya namba ishirini na saba, akili yake ya kazi ilimrudia. Aliona alichopaswa kukiona tangu mwanzo: hakuna mkono wa mfu uliong'oa nywele hizi. Amezing'oa yeye, uzi kwa uzi, miezi minane, akimshikilia mtu aliyekuwa anakula na kunenepa. Hasira ilimjaa mpaka masikio yakawaka.

Akakaa chini kwenye kizingiti. Akavua kitambaa. Akaanza kufungua.

Alifungua wa kulia, akauacha wazi. Akafungua wa pili. Kasimu alidhani anajikuna. Ulipofunguliwa wa tatu, kicheko kikamwisha.

"Mwayuma, unafanya nini?"

Wa nne.

"Acha! Watu wanaona! Usinifungulie, mimi niko muzima!"

"Ninakuona," akasema Mwayuma, na akafungua wa tano.

Majirani walitoka. Wale wa upande wa Kabambare walielewa mara moja, wakashika midomo. Wengine waliona tu mwanamke anafumua nywele. Kasimu alimshika mkono, naye akauondoa kama anavyoondoa nzi, akaendelea. Na mguu wake, ule mguu usiotulia, ulikuwa umelala kimya juu ya vumbi. Alipomaliza, nyuzi nyeusi zilijaa mapajani. Akazikusanya, akaziweka kizingitini, kisha akaufungua mkono wa Kasimu na kumtia ule msuko.

"Hii ulifunga wewe. Zingine nilifunga mimi."

Yule mwanamke kijana, ambaye hakuwa wa kabila lao na hakuelewa kitu, alileta maji ya kunywa. Mwayuma aliyanywa yote, akamshukuru. Alipouona msuko mpya wa yule binti, umevutwa mpaka nyusi zimepanda, hakuweza kujizuia.

"Mdogo wangu," alimwambia, "legeza pale mbele. Utaisha nywele."

Siku tatu nyingine, akaingia Wamaza na nywele wazi, kitambaa mkononi. Alitaka kueleza polepole, lakini Subira alikuwa uani anatwanga. Aliinua macho, akaona kichwa cha wifi yake kimefunguliwa chote, na mchi ukamtoka mkononi. Akapiga yowe.

"Kasimu! Ee ndugu yangu! Kasimuuu!"

"Subira, ngoja. Subira! Hakufa!"

Nani anasikia? Yowe la pili lilishafika kwa Pascaline, la tatu lilishafika ng'ambo ya mto. Watu wakaja na kuni, na unga, na kuku. Bulaimu alikuja, akaona, akarudi nyuma ya nyumba. Mpaka Mwayuma anafaulu kumketisha Subira na kumweleza mambo ya kambini, ya mtoto, ya kile kicheko, ua ulikuwa umejaa na sufuria ziko motoni. Subira akajifuta macho, na uso wake ukawa mgumu.

"Alisema ni nywele tu?"

"Ndivyo alisema."

"Wewe uliwaza alikufa, ukaenda. Yeye yuko hai, hakutuma hata chumvi, hata kwangu mimi dada yake." Akasimama. "Watu wamekwisha kuleta chakula. Tulie."

Wakalia siku tatu, na wakala. Subira mwenyewe alimwosha Mwayuma kichwa kama anavyooshwa mjane, kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta ya kokwa pale palipokuwa wazi, taratibu, kwa ncha za vidole. Kichwa kilipumzika siku saba, kisha saba nyingine, na Subira alipiga mkono wa Mwayuma kila ulipopanda kutafuta kitu cha kukaza. Mwezi wa tatu, juu ya paji la uso, vikachomoza vinywele vifupi kama vya mtoto.

Mkataba ulipokwisha, Kasimu alirudi. Alikuja peke yake, na sanduku la bati kichwani. Alisimama uani, akamkuta Mwayuma anamsuka Pascaline, nywele zake mwenyewe zimeanza kujaa mbele, za nyuma amezifunga kwa ulegevu, hazivuti mahali. Kasimu akatua sanduku. Akatia mkono mfukoni, akatoa kitu kilichoviringishwa katika karatasi.

"Nilitunza ule msuko," akasema. "Nimekuja nifunge mwingine."

Mwayuma aliendelea kugawa nywele za Pascaline kwa kitana, mstari ukanyooka. Hakuinua macho.

"Bwana," akasema, "wewe tulikwisha kukulilia. Hata kuku wako tulikula."