Chumvi ya Gunia la Bwana Shamba

Mwanangu, kila nikitia chumvi chunguni huikumbuka siku moja ya ujana wangu. Nilikuwa mwali wa miezi mitatu, nimetoka Korogwe ya zamani kuolewa Kang'ata, miaka ile tulipohamia kijiji cha Ujamaa. Chumvi iliadimika dukani. Mama mkwe alichoma magunzi ya mahindi, akachuja majivu, na maji yake ndiyo tuliyotilia mlenda na maharage. Mimi niliona haya. Mtoto wa mjini, nile majivu!

Asubuhi hiyo lori lilishusha mbolea ya bwana shamba ghalani, na zamu ya kufagia ilikuwa yangu. Gunia moja lilitoboka, chembe nyeupe zikamwagika. Nikaonja kwa ncha ya ulimi: chumvi, ina uchungu kidogo. Nikafunga fundo kwenye upindo wa khanga, nikaenda kupika.

Baba mkwe alikula kwanza. "Leo mchuzi mchungu, mwali," alisema, "lakini mkono wa mgeni hausemwi." Akacheka, akamaliza bakuli. Kabla sisi wanawake hatujaketi kula, akaanza kutapika. Miguu ikaisha nguvu. Moyo, alisema, unarukaruka kama kuku aliyefungwa.

"Umetia nini mchuzini?" mama mkwe aliniuliza.

"Chumvi, mama."

"Ya wapi? Dukani haipo."

Nikalishika fundo la khanga. Niliogopa kuitwa mwizi wa mali ya kijiji, niliogopa kurudishwa kwetu. Nilikuwa nimehitimu Kurani, mwanangu, nikijua uzito wa ukweli. Lakini ulimi ulikuwa jiwe. Mume wangu alipoitwa kutoka shambani alimpakia baba yake kwenye baiskeli, mimi na mama mkwe tukamshikilia huku na huku hadi zahanati. Njia nzima nilisikiliza pumzi zake.

Tabibu alikuwa akiosha kidonda cha mzee mmoja kwa maji ya zambarau ya pamanganeti. Akambonyeza baba mkwe tumbo, akasema atampa dawa arudi nyumbani. Hapo mama mkwe akanishika bega.

"Mwali, aibu yako nitaibeba mimi. Maiti siwezi."

Nikafungua fundo, nikaweka mezani chembe zilizobaki, nikasema ni za gunia la ghalani.

Tabibu alizitazama, akaacha dawa yake. "Hii ni mbolea ya potashi, mama. Mihogo inaipenda, moyo wa mtu hauiwezi ikiwa nyingi hivi." Akampima moyo upesi, akaagiza apelekwe hospitali Korogwe kwa lori lilelile lililoleta mbolea. Kisha akaniambia, bila ukali, "Majivu ya mkweo yana potashi pia, ila kidogo. Hata haya maji ya zambarau ni ya ukoo huo: yanaosha kidonda, hayanywewi."

Siku nne hatukupata habari. Kila lori liliponguruma niliacha kazi nikasimama mlangoni, nikimwomba Mola. La siku ya tano lilimshusha baba mkwe, akatembea kwa miguu yake mwenyewe.

"Shikamoo, baba," nilisema, macho chini.

"Marahaba, mwali. Leo nipikie majivu."

Alhamdulillahi. Mwanangu, usitie chunguni usichokijua, wala usione haya chakula cha waliokutangulia. Na ukikosea, sema kabla hujaulizwa mara ya pili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi karibu kiniumbue kwa roho ya mwingine. Mola akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akupe mtu wa kukushika bega siku utakapokuwa mzito.