Jogoo Hakuhitajika

Mama alipokuja kunitembelea mtaani Silanga aliniachia kuku mmoja wa kienyeji, pamoja na onyo: “Nikirudi nisipokuta vifaranga, naondoka na kuku wangu.” Nilimtaka huyo kuku kufa kupona. Nilitaka pia Mama akubali kwamba hata kwa chumba cha kupanga naweza kufuga kitu.

Kuku akataga vizuri tu. Na mimi, aki, nikakaanga kila yai. Siku alipotutumua manyoya akakataa kutoka kwenye karai alimokuwa akitagia, hakukuwa na yai hata moja la kulalia. Nikakimbia dukani nikarudi na mayai tisa ya gredi, yale ya kuku wa kisasa wanaofugwa kwa mayai tu.

Jirani yangu, mama muuza makaa kutoka upande wa ziwa, akayachungulia. “Na haya yalionana na jogoo wapi?”

Nikamwonea huruma, masikini, hakusoma kama mimi. Nikamweleza kwamba Kiingereza kina breeding na kina brooding, na watu huchanganya. Breeding ni mambo ya jike na dume. Brooding ni kulalia mayai.

“Huyu yuko kwa brooding,” nikasema. “Jogoo anaingilia wapi?”

“Haya, mwalimu.” Akaenda zake akicheka.

Siku ya ishirini na moja, kimya. Ya ishirini na sita, harufu. Kuku alikuwa amekonda hadi nikaogopa kumtazama, na Mama akapiga simu ati kesho yuko njiani. Nikakata mbio hadi Kawangware, nikanunua vifaranga tisa wa siku moja, nikatupa mayai, nikawasukuma chini ya kuku. Akawapokea bila maswali. Woi, nilifurahi hadi nikacheza!

Mama alifika, akachuchumaa kando ya karai, akahesabu.

“Wote tisa?”

“Wote, Mama.”

“Na jogoo ni wa nani?”

Nikaanza: kuna breeding, halafu kuna brooding. Mlangoni jirani alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Kadiri nilivyoeleza ndivyo aibu ilivyonipanda, maana ndio kwanza nilikuwa nayasikia ninayosema.

Mama alingoja nimalize.

“Mwanangu,” akasema, “mimi najua mmoja tu aliyezaliwa hivyo, na hakuwa kuku.”

Kisha akaniomba kamba ya kumfunga kuku miguu.