Viti Vitatu vya Nyuma

Jina la mtu sitaandika hapa, maana binti yake nampenda na jina lenyewe ndilo analobeba. Lakini aliyefanya nitamtaja. Ni kaka yangu. Kaka wa tumbo moja, mtoto wa kwanza wa mama yangu, mzee wa kanisa, mwenye karakana ya kushona nguo kule chini ya Bugolobi ukielekea viwandani. Wanaomfahamu watamfahamu.

Mimi nauza dagaa Port Bell. Shule yangu iliishia darasa la nne, ili yeye amalize ya kwake. Hilo ni la zamani, nilishalimeza. Lingine ndilo lililonikwama.

Alhamisi moja akanipigia simu. Sauti laini, ile anayoitumia akiomba sadaka.

"Mdogo wangu, Jumamosi tunakwenda matembezi. Familia yote. Maporomoko ya Sezibwa, barabara ya Jinja. Utapumua hewa safi kidogo."

Nikamuuliza, "Nani amekufa?"

Akacheka sana. Lakini miaka ishirini na saba niko Kampala, hajawahi kunipeleka hata Bugolobi kwenye karakana yake. Kibanda changu cha dagaa hajakifikia. Anasema harufu inaingia kwenye suti.

Kesho yake binti yake akaja kibandani peke yake. Huyu mtoto alizaliwa huku huku, ameolewa na kijana Muganda, fundi wa umeme, mpole. Akakaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, akanieleza kweli yote. Mimba tatu zimetoka. Hospitali wamempima na hawaoni kitu. Mama mkwe wake akampeleka Sezibwa, kwa mama anayetunza lile pango la maji, mahali ambapo Waganda wameombea tangu kabla ya wazungu. Yule mama hakumuuliza habari za tumbo. Alimuuliza, "Senga wako yuko wapi?"

Senga kwao ni dada wa baba. Kwetu Kongo tunasema shangazi, na jambo ni lile lile: shangazi akiwa na neno moyoni juu ya nyumba ya kaka yake, mtoto wa nyumba ile hashiki mimba mpaka shangazi aseme, kisha amnyunyizie maji ya kinywani mwake. Hata sisi tuliobatizwa tunalijua hilo.

"Shangazi," akasema, "baba ameniambia wewe huna neno na mtu yeyote. Ni kweli?"

"Baba yako amesema hivyo?"

"Ndiyo."

Nikamfungia dagaa kwenye gazeti, nikamwambia nitakuja. Kwa ajili yake ndiyo nilikwenda Sezibwa, si kwa ajili ya kaka.

Sasa niseme neno lenyewe, ili mtu asije akadhani ni ugomvi wa shamba.

Siku tuliyokimbia kwetu, kaka alikuwa na lori la kukodi. Ndani kulikuwa na mke wake, ndugu za mke wake, magodoro, na vyerehani sita vya karakana yake. Na sisi wawili, mimi na mama. Mama mguu ulikuwa umevimba, hawezi kutembea. Risasi zilikuwa zinalia upande wa sokoni. Tulipofika penye mikaratusi karibu na daraja, dereva akasema lori limezidiwa, mlima haliwezi. Kaka akashuka, akazunguka nyuma. Nilidhani atatupa cherehani. Akamshika mama kwapani, akamteremsha taratibu kama yai. Akaniambia na mimi nishuke nimshike.

"Nafasi hakuna. Nashusha mizigo mbele, narudi. Saa moja tu."

Mama akamwambia, "Nenda, baba. Usikawie."

Alimwita baba. Mwanamke anampa mwanawe heshima huku anashushwa chini kama gunia, na gunia lenyewe linabaki juu.

Hakurudi. Siku ya tatu mama akafa palepale kwenye mikaratusi, kwa homa na kiu. Nilimzika kwa jembe la kuazima, na mwenye jembe akaniharakisha. Yaliyonipata njiani baadaye, kabla sijavuka mpaka, siandiki. Waliokuwa na bunduki sikuwajua, wala wao hawakunijua. Watu wasionijua siwezi kuwauliza kwa nini hawakunihurumia. Kaka alinijua.

Mashine moja katika vile vyerehani iko sebuleni kwake mpaka leo. Haishoni tena. Wameifunika kitambaa cheupe cha kufuma, juu wameweka chombo cha maua ya plastiki. Mke wake huwaambia wageni, "Hii ndiyo iliyotuokoa."

Jumamosi ikafika. Nilivaa gomesi yangu moja nzuri na viatu vya kanisani, kandambili nikatia mkobani. Kaka alinipakia njia panda ya Luzira. Mke wake alikaa mbele, nyuma tulikuwa mimi, binti, na chungu cha pilau katikati yetu kimefungwa mkanda wa kiti kama mtoto. Fundi umeme na mama yake walitangulia na kigari chao.

Njia nzima kaka alikuwa mcheshi. Mashamba ya miwa anatuonyesha. Mukono anasimama anatununulia ndizi za kuchoma. Mke wake naye alirudia neno moja tu: "Mimi sishuki. Mapepo ya watu wengine sitaki kuyabeba nyumbani."

"Utakaa na pilau?" nikamuuliza.

"Nitakaa na nyimbo zangu za injili."

"Basi pilau litaokoka."

Binti akacheka mpaka akajiziba mdomo. Nilifurahi, maana hakuwa amecheka tangu tuondoke.

Pale Sezibwa maji yanaanguka kwa kelele kwenye mwamba mweusi, kisha yanatulia kama hayakufanya kitu. Kulikuwa na wanafunzi wa shule moja wamevaa sweta za kijani, wanapigana picha, mwalimu wao anawafokea wasisogee ukingoni. Kwenye maegesho nilibadilisha viatu, vya kanisani nikaviacha ndani ya gari, nikateremka na kandambili. Kando ya maji kuna mapango madogo ndani ya mwamba, na humo vikapu vya kahawa mbichi, sarafu, mayai, majani. Mtunzaji alikuwa mwanamke wa rika langu, amejifunga kitambaa cha gome la mti juu ya blauzi ya kawaida, simu imechomekwa kifuani. Akatuambia tuvue viatu. Kaka akavua, soksi akabaki nazo.

Fundi umeme na mama yake wakapiga magoti kwenye mkeka. Binti akawekwa katikati. Mimi nikaelekezwa kukaa mbele yake, na kibuyu cha maji kati yetu.

Mtunzaji alisema Kiganda, na kaka akajifanya mkalimani. Nikamwacha.

"Anasema kama kuna kitu moyoni, useme ni nini, na ni nani," kaka akaniambia. Kisha akainama sikioni kwangu, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. "Sema huna kitu, unywe maji, umtemee mtoto, twende tukale. Usituaibishe mbele ya bakwe." Wakwe, ndivyo tunavyowaita kwetu.

Nilimtazama binti. Alikuwa ananitazama kama mtu aliye chini ya kisima. Kwa upande wangu ingekuwa rahisi. Maneno matano tu, mtoto anyunyiziwe, tule pilau. Lakini nilikuwa nimekaa mahali pa watu pa kusemea kweli, nimeulizwa kweli, na kama nikimtemea mtoto maji yenye uongo ndani, itakuwa nimemfanyia nini?

Nikasema kwa Kiswahili, polepole. "Kitu ninacho. Aliyefanya ni huyu anayenitafsiria. Alituteremsha mimi na mama yetu barabarani, mama hawezi kutembea, akabaki na vyerehani. Mama akafa nikiwa peke yangu."

Kaka akageuka kwa mtunzaji. Akakohoa. Akasema kwa Kiganda kizuri cha kanisani kwamba dada yake bado ana huzuni ya vita, kwamba tulipotezana njiani kwenye msongamano, mama akafariki, Mungu amlaze pema, na dada hana neno na mtu.

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Bambi," akasema. Maskini.

Sasa hapo ndipo kaka yangu alipojikwaa. Miaka ishirini na saba hakuwahi kufika kibandani kwangu, kwa hiyo hakujua kwamba wateja wangu wote ni Waganda. Wananipunja kwa Kiganda, nawatukana kwa Kiganda. Cha kanisani sikijui, lakini cha sokoni ninacho cha kutosha.

Nikamgeukia mtunzaji nikamwambia, "Nyabo, mama, huyu amekudanganya. Hatukupotezana. Alitushusha kwa mikono yake hii." Nikayarudia yote kwa Kiganda cha dagaa, lori, mikaratusi, mguu wa mama, vyerehani sita, jembe la kuazima. Hata neno la mikaratusi sikulijua, nikasema ile miti mirefu ya kujengea.

Wanafunzi kule juu walikuwa wanapiga kelele na maji yao.

Binti ndiye aliyeongea kwanza. Anajua lugha zote mbili, alikuwa amesikia habari zote mbili, ya kweli na ya kaka. Akasema, "Baba. Ile mashine ya sebuleni?"

Kaka akanigeukia. Akaniambia mimi, "Umenivua nguo mbele ya bakwe."

"Nimetaja tu ulichovaa siku ile."

Mtunzaji hakukasirika wala hakutoa hotuba. Akasukuma kibuyu. Akasema aliyetajwa anywe kwanza, kisha aliyemtaja, halafu ndipo yatoke maji ya mtoto. Asipokunywa, yeye hamalizi.

"Mimi ni mzee wa kanisa," kaka akasema. "Sinywi maji ya mizimu."

Nikamwambia, "Lakini umenileta mimi niyanywe."

Akasimama. Akaokota viatu vyake mkononi, akapanda ngazi za mawe na soksi zimelowa. Fundi umeme akamfuata hatua mbili, akamwita kwa heshima, "Ssebo, ssebo," kisha akaacha. Mtunzaji akamwaga kibuyu pembeni, akasema pole, siku nyingine. Binti alikuwa bado amepiga magoti. Kilio chake hakikuwa na sauti. Hapo nilijichukia, niseme ukweli. Nilikuwa nimepata changu na yeye amekosa chake.

Tulipopanda juu kwenye maegesho, gari la kaka lilikuwa limewashwa. Mke wake mbele, mkanda amefunga, nyimbo zinaimba. Nikaenda mpaka dirishani. Kaka hakuteremsha kioo. Akaondoa gari taratibu, akapita kati ya wanafunzi, akapiga honi moja ya adabu kwa mwalimu, akatoka getini.

Ndani niliona vizuri. Viti vitatu vya nyuma, na juu yake chungu cha pilau tu, kimefungwa mkanda. Viatu vyangu vya kanisani viko chini ya kiti.

Siku ya lori alisema nafasi hakuna. Kwa miaka yote, mahali fulani moyoni, nilikuwa nimemwachia kidogo: labda kweli hapakuwa na nafasi. Labda nilihesabu vibaya, nilikuwa na hofu. Jumamosi ile akaniondolea hata hicho.

Mama mkwe akaniambia, "Senga, ingia kwetu, tutabanana." Nikakataa. Nikamwambia ninatembea mpaka barabara kubwa. Hakunielewa, lakini alinielewa. Binti akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika, akanifuata. Basi tukaenda hivyo, mimi na kandambili, yeye peku, kwenye vumbi jekundu, na nyuma yetu kile kigari kinatambaa taa zinawaka na kuzima, kama msafara wa harusi ya maskini.

"Shangazi," akaniambia njiani, "bibi alikuwaje?"

Kaka hakuwahi kumwambia. Nikamweleza. Alikuwa mfupi, mkorofi, anapenda chumvi. Alicheka kwa pua. Nilimweleza mpaka tukafika barabara ya Jinja.

Pale njia panda kuna vibanda. Nikanunua chupa ya maji. Nikamsimamisha mtoto kando ya lundo la mananasi, malori ya sukari yanapita yanatutikisa nguo. Mama mkwe akashuka garini, akaja akasimama upande wake, akamshika kiuno bila kuulizwa. Mwenye mananasi akazima redio yake.

Nikajaza kinywa maji. Nikamnyunyizia kifuani na tumboni, mara tatu, mpaka gauni likalowa.

Nikasema kwa sauti, Kiswahili kisha Kiganda: "Na wewe sina neno. Neno langu ni la baba yako, nalibakiza kwake. Lisikuguse wewe. Lisimguse utakayembeba. Mimi shangazi yako nimesema."

Mama mkwe akapiga vigelegele, pale katikati ya malori. Na mimi nilikuwa nimeshika chupa tupu.

Wiki ya pili viatu vyangu vililetwa kibandani na mwendesha boda, kwenye mfuko wa plastiki, vimepigwa rangi. Hakuna barua. Mchungaji wao naye akanipigia kunihubiria msamaha. Nikamuuliza kama yeye alijua habari ya lori. Akaruka swali, akaendelea na msamaha wake, kumbe alijua, basi na yeye ninamtaja.

Watu wa kanisani kila wakati wananiuliza kama binti ameshika mimba, ili wajue nani alikuwa na haki. Hilo ni lake na mume wake, siliuzi. Mimi pale majini niliulizwa aliyefanya ni nani. Nikajibu.