Nyanya za Pakua

Wifi yangu alipika katika chuo cha ualimu mpaka akastaafu, na wanafunzi ndio waliomwita Pakua. Ukimwambia imetosha, anakuongezea upawa mwingine, kisha anakuuliza kama unaumwa.

Alipostaafu akaja kukaa kwetu. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kitupu, na mume wangu, ambaye ni mdogo wake, alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Dada mtu akaomba alime nyanya. Akapewa msimu mmoja: asipovuna, fundi anaingia. Mimi sifichi, nilikuwa upande wa vyumba.

Pakua akailisha miche kama alivyolisha watu. Samadi ya kuku, maji, halafu samadi tena akiona jani limelegea. Miche ikanenepa mpaka ikampita kimo, majirani wakaja kusifu. Lakini maua yalitoka machache, nayo yakapukutika.

Tukamwita bwana shamba. Akachimbua udongo kwa kidole, akanusa.

“Mama, umeishibisha mno. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na hicho ni chakula cha majani. Ikizidi, mmea unaota majani tu, unasahau kuzaa. Na joto hili nalo linaangusha maua.”

“Sasa niipe nini?”

“Samadi acha kabisa. Maji kwa kiasi. Tandaza nyasi kavu udongo usichemke, halafu subiri joto lipungue.”

Nilicheka sana. Ila nilipomkuta amesimama mbele ya miche yake na ndoo ya samadi mkononi, hathubutu kumwaga, roho iliniuma. Mwanamke yule hajawahi kumnyima mtu chakula. Nikamnyang’anya ndoo, nikaenda kuitupa samadi mwenyewe.

Mawingu yakaja, joto likashuka, maua yakashika. Lakini msimu haukungoja. Mume wangu akaingia na fundi, futi mkononi. Chini ya majani kulikuwa na nyanya mbichi, ndogo kama gololi.

“Dada, zimeiva?”

“Bado, mdogo wangu,” akasema. “We jenga tu.”

Fundi alishaanza kuvuta futi. Mume wangu akachuma nyanya moja, akaifuta kwa shati, akaing’ata. Uso wote ukakunjamana. Akatafuna, akameza.

“Kunja futi yako, fundi,” akasema. “Hapa tumeshavuna.”