Mtafiti Anayenusa Watu

Kwenye mlango wa banda la mawaridi, kule Usa River, mtafiti huwanusa watu kabla ya kuwasalimia. Prisca, msaidizi wake, amezoea kunyoosha mikono kama mtoto anayekaguliwa kucha. "Umepaka nini leo?" "Sijapaka kitu, dokta." "Hiyo ni sabuni ya kufulia. Kanawe." Akishaingia ndani anakuwa mtu mwingine kabisa. Anahamisha chavua kwa brashi kutoka ua hadi ua, vidole vyepesi kama anamfuta mtoto tongotongo, huku akiyaamkia mashina wazazi "shikamoo" na miche "hamjambo, wanangu". Anatafuta waridi litakalodumu kwenye chombo cha maua na bado linukie, maana haya yanayouzwa yamerithi urembo tu, harufu ikapotelea njiani. Mkuu wa shamba keshasema: miche isiyonukia itang'olewa Ijumaa.

Alhamisi asubuhi, mche mmoja wa pembeni ukachanua. Mtafiti akainama, akanusa, akamgeukia Prisca. "Umepaka mafuta wewe!" Prisca akanawa upya. Harufu ikabaki. Mtafiti akamtoa nje. Harufu ikabaki. Akavua koti lake mwenyewe, akalirusha mlangoni, akanawa mpaka viwiko, akanusa tena. Kupitia nailoni ya banda, Prisca akamwona akizunguka na mabuti yake, mikono juu, akicheka peke yake kama kichaa. Kisha akatulia, akapiga goti mbele ya ule mche mchanga, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akauambia.